Makasia Manane: Historia ya Mashua ya Wanawake Wanne

Julai 1976, katika bwawa refu lililochimbwa kwenye kisiwa cha Notre-Dame mjini Montreal, mashua ya aina moja ilishindaniwa kwa masharti mawili. Ilikuwa mashua ya watu wanne, kila mmoja na makasia mawili, na ndiyo kwanza inaingia kwenye Olimpiki, kwa wanaume na kwa wanawake. Wanaume walipangiwa mita 2,000 na waliiongoza mashua wao wenyewe. Wanawake walipangiwa mita 1,000, yaani nusu, kisha wakaongezewa mtu wa tano wa kushika usukani na kuwahimiza.

Waliopanga ratiba waliona ni sawa: mwanamke apewe njia fupi na msaidizi. Ilichukua miaka 12 ya Olimpiki kwa msaidizi huyo kushuka na njia kurefushwa, na mingine 20 kabla ya Wajerumani kushindwa mbio hizo wakiwa wenyewe majini.

Chombo chenyewe

Asiyewahi kuiona asifikirie ngalawa. Ni chombo chembamba chenye urefu wa karibu mita 13, ambacho kwa kanuni uzito wake haupaswi kupungua kilo 52. Viti vina magurudumu madogo na huteleza mbele na nyuma juu ya reli, kwa hiyo nguvu nyingi hutoka miguuni, mikono ikimalizia tu. Wapiga makasia huketi wakitazama tezi na kuupa mgongo mstari wa mwisho. Anayeongoza huwaona wote aliowaacha. Anayeachwa humwona tu aliye nyuma yake zaidi, kama yupo.

Kila mmoja ana kasia kulia na kasia kushoto, na vipini vyake viwili hupishana mbele ya tumbo kila anapovuta. Kwa kawaida mkono wa kushoto hupita juu kidogo ya ule wa kulia. Anayejifunza hujikwangua vifundo vya vidole hadi damu itoke, mpaka mikono izoee njia zake. Pasipo mshika usukani, mmoja wa wanne huongoza kwa mguu: waya mwembamba umefungwa kwenye kiatu chake hadi kwenye usukani mdogo ulio chini ya mashua, na akigeuza unyayo kidogo, mashua nayo inageuka. Anafanya hivyo huku akivuta kwa nguvu zake zote na hatazami anakokwenda. Hiyo ndiyo kazi ambayo wakuu wa mchezo waliona haiwafai wanawake.

Kabla ya Olimpiki, 1892–1975

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FISA, lilianzishwa mjini Turin mwaka 1892, na mwaka uliofuata likaanzisha ubingwa wa Ulaya. Wanaume wakashindana Olimpiki kuanzia mwaka 1900. Wanawake walikuwapo majini miaka yote hiyo, lakini pembeni. Katika nchi kadhaa za Ulaya walishindanishwa kwa umaridadi: waamuzi walitazama mgongo umenyooka vipi na kasia limeingia majini kwa ulaini gani, wakatoa alama. Nani amefika kwanza halikuwa swali.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, hali hiyo haikuweza kudumu. Umoja wa Kisovyeti na nchi washirika wake zilikuwa zimeshawaingiza wanawake kwenye michezo ya ushindani kwa wingi, na zilitaka medali zao zihesabiwe. FISA ikaruhusu mbio za majaribio za wanawake Mâcon, Ufaransa, mwaka 1951, na mwaka 1954 mjini Amsterdam wanawake wakapata ubingwa wa Ulaya ulio rasmi, mita 1,000. Wasovyeti walitawala tangu mwanzo. Mashua ya wanne wenye makasia mawili mawili, pamoja na mshika usukani, iliongezwa miaka michache baadaye.

Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa Lucerne mwaka 1962, ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake waliingizwa mwaka 1974, hapo hapo Lucerne, na miaka miwili baadaye mlango wa Olimpiki ukafunguliwa.

Upande wa Magharibi, mlango huo ulifunguka kwa kusukumwa. Machi 1976, wanafunzi 19 wa timu ya makasia ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliingia ofisini kwa msimamizi wa michezo, wakavua nguo zao na kumwonyesha maneno waliyojiandika mwilini: jina la kifungu cha sheria kilichokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Kilichowafikisha hapo kilikuwa ni bafu. Kwenye banda la mashua wanaume walikuwa na mahali pa kuoga. Wanawake walisubiri ndani ya basi, wamelowa, mpaka wanaume wamalize. Habari ilitoka magazetini, na maofisa wa michezo wa vyuo vingine wakaanza kukagua mabanda yao.

Kiwanda cha medali, 1976–1984

Montreal ilikuwa na mbio sita za wanawake, na Ujerumani Mashariki ikashinda nne. Mashua ya wanne ilikuwa mojawapo. Ndani yake walikuwamo Anke Borchmann, Jutta Lau, Viola Poley na Roswietha Zobelt, na usukani ulishikwa na Liane Weigelt. Wasovyeti walikuwa wa pili, Waromania wa tatu. Moscow, mwaka 1980, matokeo ya juu yalikuwa yale yale. Lau, Zobelt na Weigelt, ambaye sasa aliitwa Buhr, walirudi na dhahabu ya pili.

Nchi ya watu wapatao milioni 17 iliwezaje? Jibu la kwanza ni mfumo. Wasichana warefu walitafutwa mashuleni wakiwa wadogo, wakapelekwa kwenye shule maalumu za michezo, wakafundishwa kupiga makasia na makocha wenye mshahara wa serikali, mwaka mzima, na kupimwa kila hatua. Mashua ya wanne ilifaa mno mfumo huo. Kumpata bingwa wa kushindana peke yake ni bahati. Kuwapata wanne wanaolingana urefu, mvuto na pumzi ni kazi ya taasisi, na taasisi zilikuwapo.

Jibu la pili ni dawa. Tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa na mpango wa siri, uliopewa namba 14.25, wa kuwapa wanamichezo homoni za kujenga misuli, hasa vidonge vya Oral-Turinabol. Wanawake na wasichana ndio waliodhurika zaidi, kwa kuwa homoni za kiume huleta mabadiliko makubwa kwenye mwili wa kike. Wengi hawakuambiwa wanachomeza. Waliambiwa ni vitamini. Mwaka 1991 Brigitte Berendonk, mwanariadha wa zamani, alichapisha kitabu kilichotokana na nyaraka ambazo yeye na mumewe, mwanasayansi Werner Franke, walizikuta baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, na daktari Manfred Höppner. Medali hazikurudishwa.

Sioni haki kumtuhumu mpiga makasia mmoja mmoja kwa jina la mpango wa serikali. Nyaraka zinaonyesha kuwa waliokuwa na uamuzi ni wengine. Lakini pia sioni namna ya kuusifu ufundi wa miaka ile kana kwamba vidonge havikuwapo. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na anayesimulia moja tu anapunja.

Mwaka 1984 kambi ya Mashariki ilisusia Olimpiki ya Los Angeles. Romania ilikwenda peke yake, na kwenye ziwa Casitas ikachukua dhahabu tano kati ya sita za wanawake. Ya mashua ya wanne ilikuwa mojawapo; Marekani ikawa ya pili, Denmark ya tatu. Hizo zilikuwa mbio za mwisho za Olimpiki ambapo wanawake walipangiwa mita 1,000.

Njia yarefushwa, 1985–1988

Hoja ya mita 1,000 ilikuwa kwamba mwili wa mwanamke hauhimili zaidi. Hoja hiyo ilikuwa na tatizo ambalo kocha yeyote angeweza kulieleza: nusu ya umbali haimpunguzii mtu taabu, humbadilishia aina ya mbio. Dakika tatu na ushei ni mbio za misuli mikubwa na mwanzo wa ghafla. Dakika sita na zaidi hudai mapafu, mpango na subira. Njia fupi, iliyodaiwa kumlinda mwanamke, ilimpa faida mwenye misuli mingi, na katika enzi ya vidonge hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1985, kwenye ubingwa wa dunia wa Hazewinkel, Ubelgiji, wanawake walipiga makasia mita 2,000 kwa mara ya kwanza, na mashua ya wanne ikaondolewa mshika usukani. Olimpiki ikafuata Seoul mwaka 1988. Hakuna aliyezimia. Ujerumani Mashariki ilishinda tena, safari hii na Kerstin Förster, Kristina Mundt, Beate Schramm na Jana Sorgers, wakiiongoza mashua wenyewe.

Bendera mpya, 1989–2004

Ukuta ulianguka Novemba 1989, na mwaka uliofuata nchi mbili zikawa moja. Wengi walitarajia kiwanda kifungwe. Shule nyingi za michezo zilibadilishwa, makocha wengi walipoteza kazi, vipimo vya dawa vikawa vikali. Ushindi haukukoma. Barcelona 1992, dhahabu ilikwenda kwa Ujerumani iliyoungana, na ndani ya mashua walikuwamo Mundt na Birgit Peter, ambao miaka minne kabla walikuwa wameshinda kwa bendera ya Mashariki. Atlanta 1996, Jana Sorgers alichukua tena dhahabu ya mashua ile ile aliyoshinda Seoul, kwa wimbo wa taifa tofauti.

Kilichobaki kilikuwa maarifa, na maarifa yalikuwa na watu wake. Jutta Lau, yule wa Montreal na Moscow, alikuwa kocha Potsdam na baadaye kocha wa taifa wa wanawake. Chini yake alikua Kathrin Boron, aliyeshinda dhahabu nne za Olimpiki kuanzia 1992 hadi 2004, mbili katika mashua ya wawili na mbili katika mashua ya wanne. Potsdam ilikuwa na maziwa, ilikuwa na mabanda, na kila kizazi kiliketi nyuma ya kilichotangulia na kuiga mvuto wake.

Kwa hiyo mtu akiuliza ushindi wa Wajerumani ulikuwa wa dawa au wa ufundi, miaka hii ndiyo ya kutazama. Mpango wa serikali ulikufa, ushindi ukaendelea kwa Olimpiki nne mfululizo: 1992, 1996, 2000 na 2004. Waliotangulia hawasafiki kwa hilo. Linaonyesha tu kwamba mfumo ulikuwa na mizizi mingine.

Fainali ya Sydney mwaka 2000 ilikuwa na udugu mwingi. Katika mashua ya Ujerumani walikaa mapacha, Manja na Kerstin Kowalski. Katika mashua ya Uingereza walikaa dada wawili, Guin na Miriam Batten. Mapacha walishinda. Nyuma yao Uingereza na Urusi zilifika pamoja hata jicho lisiweze kuamua, na ikabidi picha ichunguzwe. Fedha ikaenda kwa Uingereza, ikiwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa nchi hiyo katika mchezo huu, miaka 24 baada ya mlango kufunguliwa. Nchi iliyojiona ndiyo nyumbani kwa makasia ilikuwa imewasahau dada zake.

Zamu ya wengine, 2004–2012

Athens ilileta mpangilio ule ule juu, Ujerumani kisha Uingereza, na kashfa chini: Ukraine iliyoshika nafasi ya tatu ilinyang'anywa shaba baada ya mmoja wao kukutwa na dawa iliyokatazwa, na Australia ikapewa. Mmoja wa Waingereza waliopata fedha, Rebecca Romero, aliachana na mashua, akapanda baiskeli, na mwaka 2008 akashinda dhahabu ya Olimpiki huko.

Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wameanza kushinda. Uingereza ilichukua ubingwa wa dunia mwaka 2005, ukapatikana wa 2006 pia baada ya Urusi kufutiwa ushindi kwa sababu ya dawa, kisha wa 2007. Walipofika Beijing mwaka 2008, Annie Vernon, Debbie Flood, Frances Houghton na Katherine Grainger ndio waliotarajiwa kushinda. Bahati ya utawala wa Wajerumani ilikuwa imeisha. Swali lilikuwa nani atarithi.

Waingereza waliongoza tangu mapema, na waliendelea kuongoza sehemu kubwa ya njia. Wachina walisubiri. Katika mamia ya mita ya mwisho Tang Bin, Jin Ziwei, Xi Aihua na Zhang Yangyang waliongeza idadi ya mivuto, wakawafikia, wakawapita. Kelele za mashabiki kwenye bwawa la Shunyi zilikuwa zimeshafika mstari wa mwisho kabla ya mashua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya China katika makasia tangu Olimpiki ianze. Wajerumani walipata shaba, na Boron alikuwa miongoni mwao. Waingereza walisimama jukwaani wakilia waziwazi. Kwa Grainger ilikuwa fedha ya tatu mfululizo, na dhahabu yake ilikuja London mwaka 2012, katika mashua ya wawili.

Ya wanne mwaka huo ilikwenda kwa Ukraine, nchi ambayo haijawahi kuwa na fedha za Uingereza wala umati wa China. Kateryna Tarasenko, Nataliya Dovgodko, Anastasiia Kozhenkova na Yana Dementieva walimaliza mbele kwa nafasi ya wazi. Ujerumani ilikuwa ya pili.

Kasia moja, 2016–2021

Rio, mwaka 2016, Wajerumani walirudi kileleni kwa mara ya mwisho hadi sasa. Wapoland walikuwa mbele hadi karibu kabisa na mwisho, wakapitwa na Ujerumani na kisha na Uholanzi, wakaishia na shaba.

Tokyo, iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, ilikuwa Olimpiki ya kwanza yenye idadi sawa ya mbio za wanaume na wanawake katika mchezo huu, saba kwa saba. China ilishinda kwa dakika 6 sekunde 5.13, muda bora kuliko wote uliowahi kurekodiwa. Aliyekuwa na mkono katika timu hiyo ya Wachina ni Paul Thompson, ambaye mwaka 2008 alikuwa kocha mkuu wa wanawake wa Uingereza waliolia Beijing. Maarifa ambayo zamani yalikaa Potsdam sasa yalikuwa yakinunuliwa na kusafirishwa kwa ndege.

Wajerumani walikuwa wa pili na mstari wa mwisho ulikuwa karibu. Ndipo kasia moja lilipoingia majini kombo. Likiingia hivyo maji hulishika, kipini hurudi na kumgonga mpigaji, na mashua hukwama kama daladala iliyokanyagiwa breki. Makasia mengine saba hayawezi kuendelea mpaka hilo litolewe. Poland ilipita ikachukua fedha, Australia shaba, Italia ikapita pia. Ujerumani ikawa ya tano. Tangu 1976, hakuna Olimpiki iliyowahi kuwakuta Wajerumani wakishindwa na kitu kidogo kiasi hicho.

Uingereza haikufika hata fainali ya medali. Katika mashua yao alikuwamo Hannah Scott.

Vaires-sur-Marne, 31 Julai 2024

Miaka mitatu baadaye Scott alikuwa katika fainali ya Olimpiki ya Paris, pamoja na Lauren Henry, Lola Anderson na Georgie Brayshaw. Brayshaw alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi akiwa na miaka 15, akazimia siku kadhaa na kupooza upande mmoja wa mwili kabla ya kupona. Anderson, baada ya kutazama Olimpiki ya 2012 akiwa msichana, aliandika kwenye shajara kwamba angependa kushinda dhahabu, akaona haya, akaitupa. Baba yake aliiokota akaihifadhi, akamrudishia akiwa mgonjwa wa saratani, muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 2019.

Uholanzi iliongoza sehemu kubwa ya fainali. Uingereza iliwafuata kwa karibu, ikapunguza pengo kidogo kidogo, na mvuto wa mwisho kabisa ndio uliopeleka omo ya mashua yao mbele. Wanne wale hawakujua kama wameshinda mpaka ubao ulipoonyesha: dakika 6 sekunde 16.31, dhidi ya 16.46 za Waholanzi. Sekunde 0.15. Ujerumani ilikuwa ya tatu. Kwa Uingereza ilikuwa dhahabu ya kwanza katika mashua hii, baada ya fedha tatu.

Hesabu baada ya Paris ni hii: fainali 13 za Olimpiki, dhahabu nane za Wajerumani wa bendera zote mbili, mbili za China, na moja moja kwa Romania, Ukraine na Uingereza.

Afrika iko wapi?

Msomaji wa huku ataniuliza, na ana haki. Wanawake wa Afrika wapo kwenye Olimpiki ya makasia, lakini karibu kila mara wako peke yao majini. Uganda ilipata mpiga makasia wake wa kwanza wa Olimpiki Tokyo: Kathleen Noble, aliyekulia Uganda, katika mashua ya mtu mmoja, na akarudi Paris. Sababu ni gharama na kanuni. Nafasi za kufuzu kupitia mashindano ya Afrika zimewekwa kwenye mashua ndogo, na mashua ndogo ndizo nchi inayoanza inaweza kuzinunua. Wanne wa kiwango kimoja hudai klabu, maji tulivu, makocha, na wasichana ishirini wanaogombea viti vinne. Ziwa Viktoria maji yapo. Hayo mengine ndiyo yanayodai uamuzi wa wizara na mashirikisho, na wenye mamlaka hayo Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanajulikana kwa majina.

Olimpiki ya 2028 itakuwa Los Angeles, na mbio zitafanyika Long Beach, kwenye mkondo ule ule uliotumika mwaka 1932. Nafasi iliyopo sasa haitoshi mita 2,000. Kwa hiyo umbali umewekwa mita 1,500, kwa wanawake na kwa wanaume sawasawa.